Uzoefu wangu wa kuhakiki filamu za kale kwa kumbukumbu za hakimiliki za Marekani

Nina kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa kuonyeshea filamu, hapa Ujiji. Kwa muda mrefu nilitaka Jumamosi mchana watoto waingie bure, waone kitu tofauti na mapanga na risasi. Wazo likawa filamu zisizo na sauti, mimi nisimame mbele nisimulie kwa Kiswahili. Lakini sikutaka kuonyesha mali ya mtu bila ruhusa yake, hata kama amekufa siku nyingi na hatujuani.

Nilianza vibaya. Kuna tovuti niliikuta imejaa filamu za kale, kila moja imebandikwa maneno “mali ya umma”, yaani haina tena mwenye haki. Nikapakua nane usiku kucha, bando likaisha. Kumbe maneno yale huandikwa na yeyote anayeipandisha filamu. Mojawapo ilikuwa It's a Wonderful Life ya 1946. Wenye filamu hiyo hawakuhuisha hakimiliki mwaka 1974, yaani hawakuiandikisha upya ili ulinzi uendelee, na vituo vya televisheni vya Marekani vikaionyesha kila Krismasi bila kulipa. Mwaka 1993 kampuni moja ikajitokeza na hoja kwamba hadithi fupi iliyozaa filamu ile, na muziki wake, bado vina mwenyewe. Ikaisha hivyo, uhuru ukafungwa. Nikaifuta kwenye flashi.

Hapo ndipo nikahamia kwenye kumbukumbu za Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani, na ndizo ninazozitolea maoni leo. Kutafuta ni bure. Ukishaelewa sheria yao, utajua unatafuta nini: filamu ya Kimarekani iliyotoka kabla ya 1964 ilipaswa kuhuishwa katika mwaka wake wa 28, la sivyo ulinzi ulikwisha. Iliyohuishwa inafika miaka 95. Za kuanzia 1951 mwaka wao wa kuhuisha uliangukia 1978 au baadaye, na kanzidata ya mtandaoni inaanzia hapohapo 1978, kwa hiyo unaandika jina na jibu linakuja. Za kabla ya hapo ni kazi ya vitabu, na za 1950 tafuta pande zote mbili. Orodha zilichapwa miaka hiyo, zikapigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na utazikuta Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni. Herufi ni ndogo kama ulezi. Namba inayoanza na R ndiyo ya kuhuisha. Mwanangu wa kidato cha pili alikuwa ananisomea, mimi naandika daftarini, jioni tatu mfululizo. Ushauri wangu: usitafute jina la filamu tu, tafuta na kampuni, na mwandishi wa hadithi kama filamu imetoka kitabuni.

Kuna yasiyoonekana kwenye kumbukumbu hizo. Charade ya 1963 iliangukia mikononi mwa umma kwa sababu tangazo lake la hakimiliki la mwanzoni lina mwaka na majina ya kampuni, lakini halina neno “copyright” wala alama yake. Kulijua hilo lazima usimamishe filamu uisome skrini kwa macho yako. Na filamu za nje ya Marekani nimeziacha kabisa kwa sasa, maana nyingi zilirudishiwa ulinzi huko mwaka 1996.

Nikaishia kuchagua The General ya 1926, kichekesho cha dereva wa treni, ya mchekeshaji Buster Keaton. Hata ukiihesabu kuwa ya 1927, ilipoanza kuonyeshwa Marekani, miaka 95 imepita. Kwa upande wetu Tanzania, sheria ya hakimiliki ya 1999 inailinda filamu miaka 50, hivyo napo nipo salama. Kibali cha kuonyesha hadharani ni jambo lake peke yake, kalifuatilieni.

Nusura niteleze kwenye muziki. Nakala niliyokuwa nayo ina okestra nzuri kweli, ila filamu yenyewe haikuwa na sauti. Aliyetunga na aliyepiga ni watu wa juzi tu, na haki zao ziko hai. Nikazima spika, nikamwita kijana wa jirani mwenye kinanda.

Jumamosi ile mabenchi yalijaa mpaka mlangoni. Mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyefanya kazi stesheni ya Kigoma, alikaa mbele na watoto. Keaton alipoanza kurusha magogo kwenye behewa la kuni, moja linapanda, jingine linaanguka upande wa pili, mzee akasimama: “Panga vizuri wewe, mvuke unashuka!” Nikaacha kusimulia. Kuanzia hapo alisimulia yeye, valvu kwa valvu, hadi daraja lilipoanguka na treni mtoni, na watoto wakamnyamazia kama wako msikitini.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu ya jioni zile tatu. Mzee ameshauliza ya pili ni lini, na daftari liko wazi mezani.