Kikaratasi cha P0402 na nozeli nilizotaka kuuziwa

Nianze kwa kusema sina ugomvi na mtu. Hapana, ninao, tena mkubwa, na yule kijana wa kaunta ya gereji mwenye kalamu mbili mfukoni.

Pikapu yangu ni ya dizeli, nabebea nyanya kutoka Ilula. Masika yalipokuwa yanaelekea kuisha ikaanza kutetemeka ikiwa silensa, yaani injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta, nikisimama kwenye foleni ya Kimara vioo vinacheza kama mgonjwa wa malaria. Nikapuuza. Kitonga ndiko ilikoniumbua. Nilikuwa napanda, gari tupu, hata tenga moja sina, gia ya pili, mguu umegusa zulia, na bado lori lenye tela likanipita. Mlimani, lori! Utingo akanichungulia kwa huruma kana kwamba nimefiwa. Nyuma yangu moshi mweusi tii, kama nachoma mkaa.

Niliporudi Dar nikajiapiza kwamba safari hii siendi kwa mafundi wa chini ya mti, naenda gereji ya maana. Sitaji jina. Ina vigae, ina kiyoyozi, ina dispensa ya maji ya baridi na ya moto. Kupima kwa kompyuta shilingi 50,000, na nikalipishwa kabla hata sijaulizwa gari lina shida gani. Mashine yenyewe siwezi kuisema vibaya, wakaichomeka chini ya usukani na dakika kumi hazikuisha kijana akarudi na kikaratasi chenye namba ya hitilafu, P0402.

"Nozeli zimekufa, mama. Zote nne. Moja ni 650,000."

Nozeli, vile vinyunyizio vya dizeli kwenye injini. Nikamuuliza, baba, hiyo P0402 maana yake nini? Akacheka. Akamgeukia mwenzake, wakacheka wawili. "Mama, hii kompyuta, haidanganyi." Nikasema basi nionyeshe hiyo kompyuta. Akanijibu, "Ukiona utaelewa?"

Ukiona utaelewa! Mimi niliyebadili tairi usiku katikati ya Mikumi, mwanangu akinimulikia tochi na tembo tunawasikia wanavunja matawi ng'ambo ya barabara. Nilichukua ufunguo na kikaratasi changu, nikaondoka. Maji yao ya baridi sikuyanywa.

Nikaishia Tabata, kulekule chini ya mti nilikojiapiza kutokwenda. Fundi kijana tu, kaniamkia vizuri, kakisoma kikaratasi, kakunja uso. "Mama, hapa hawajataja nozeli. Hii inasema moshi unaorudi kwenye injini umezidi." Akanieleza kwa maneno machache kuliko nitakayotumia mimi: sehemu kidogo ya moshi wa eksozi hurudishwa ndani ili moto wa kwenye silinda usiwe mkali mno, maana ukali ule ndio unaozalisha gesi mbaya za naitrojeni. Mlango wa kuupitishia ni valvu ya EGR. Ukikanyaga mafuta kupanda mlima, ule mlango unatakiwa ufunge, injini ipate hewa safi. Wangu ulikuwa umekwama wazi. Kwa hiyo pale Kitonga pikapu ilikuwa inavuta moshi wake yenyewe, dizeli inaingia lakini hewa ya kuiunguza haitoshi. Ndiyo moshi mweusi, ndiyo lori kunipita.

Sasa mwone alivyopima. Injini inaunguruma, akachomoa mpira mwembamba wa vakyumu juu ya valvu, ule unaofyonza hewa ili mlango ufunguke. Mngurumo haukubadilika hata chembe. Akazima, akachomeka kipande cha mpira wake, akakifyonza kwa mdomo kama anakunywa dafu kwa mrija, kidole kimoja kakiingiza chini ya sahani iliyo juu ya valvu kugusa shina, kile chuma kinachopanda na kushuka kufungua na kufunga mlango. "Leta kidole mama." Nikagusa. Akafyonza tena mpaka mashavu yakaingia ndani. Shina kimya. Kufungua, bolti mbili na matusi kidogo kwa ile ya nyuma, na tulichokikuta sijui nikifananishe na nini. Masizi yamechanganyika na oili yakaganda, meusi, manene, kama ukoko wa sufuria ya ubwabwa uliosahaulika jikoni. Akamwagia kabureta klina, akasugua kwa mswaki mzee, akafyonza tena, shina likapanda. Akaachia, tak! Likafunga. Ule mlio nilitaka kumkumbatia.

Gasketi mpya pamoja na ufundi, 60,000. Nozeli hazikuguswa. Gari likatulia silensa mpaka unadhani limezimika.

Ningeishia hapo ningempa fundi nyota zote. Lakini siku ya pili akanipigia, "Mama, hiyo njia ya moshi tuizibe kabisa kwa bati, haitakusumbua maisha, wote wanaziba." Na mimi kwa hasira zangu nikakubali, sijui nani aliniroga. Haikupita wiki mbili taa ya injini ikawaka. Kumbe kompyuta ya gari inategemea moshi upite, usipopita inalalamika vilevile! Kwa hiyo na yeye nampunguzia. Nyota tatu. Nne, kwa sababu ya kidole.

Na sasa sehemu ya aibu. Fundi wangu mashine hana, na mimi nilitaka nijue taa inasema nini kabla mtu hajafungua kitu tena. Nikarudi. Ndiyo, kulekule kwenye vigae, nikalipa 50,000 nyingine. Nilishaanza kufikiri labda niliwaonea, labda siku ile kijana alikuwa na njaa, mashine yao kweli haina mfano hapa mjini, na safari hii mlinzi alinifungulia geti kwa heshima. Nikawa nawapandisha mpaka nyota tatu moyoni.

Kijana akatoka na kikaratasi. Hakunikumbuka. Safari hii P0401, yaani moshi unaorudi hautoshi, kinyume kabisa cha ile ya kwanza, na bati langu ndilo sababu.

"Mama," akasema, "hizi ni nozeli."