"Mr Brown" ya Agatha Christie: wapelelezi wasio na pesa ya chai

Jambo wapendwa, karibuni tena kwenye chaneli, hapa ni Lubumbashi. Kitabu ni hiki hapa. Mr Brown. Hilo ni jina lake la Kifaransa, kwa Kiingereza kinaitwa The Secret Adversary, kilitoka 1922, ni riwaya ya pili ya Agatha Christie. Mwandishi mwenyewe sina haja ya kuwatambulisha. Poirot mnamjua, yule mpelelezi wake mzee wa masharubu. Leo Poirot akae pembeni kwanza.

Leo ni zamu ya Tommy na Tuppence. Si polisi, si wapelelezi, ni vijana wawili tu. Umri wao ukiujumlisha haufiki hata 45. Vita vya 1914–1918 vimeisha na kazi hakuna. Tommy alijeruhiwa mara mbili vitani, sasa ni miezi kumi anazunguka anatafuta kazi. Tuppence ni binti wa kasisi, wakati wa vita alikuwa akiosha vyombo katika hospitali ya maofisa. Wanakutana London, kwenye mlango wa stesheni ya Dover Street, wanasalimiana kwa furaha mpaka wanaziba njia ya watu.

Sasa subirini, nasogeza kitabu karibu na kamera. Haya, mnaona? Ukurasa huu ndio ulionifanya nirekodi video hii. Tommy anataka waende mahali wakae, lakini sauti yake ina wasiwasi kidogo, na Tuppence anaushika palepale: huyu mfuko umekauka. Naye wake umekauka vilevile! Basi sharti linawekwa, kila mtu ajilipie. Wanaingia Lyons, mgahawa wa watu wa kawaida. Tommy anaagiza chai na vimkate vitamu, Tuppence anaagiza chai na mkate wa kuchoma wenye siagi. Halafu, sikilizeni hii, Tuppence anamkazia mhudumu: chai ije katika birika mbalimbali. Birika mbili! Kila mtu na yake, asije mmoja akazidisha kikombe hesabu ikaharibika.

Nacheka kila nikiisoma, kwa sababu nawaona watu ninaowajua. Nani hapa hajakaa malewa, mgahawa wetu wa bei ndogo, na rafiki, kila mmoja anahesabu franka zake chini ya meza kabla ya kuagiza bukari, yaani ugali? Na Christie hawadharau vijana wake hata kidogo. Tuppence anakaa pale anapiga hesabu ya maisha: pesa ina njia tatu, kuirithi, kuifunga ndoa nayo, au kuitafuta mwenyewe. Ya kwanza imefungwa, hana ndugu tajiri mzee. Mwisho wanaamua kuweka tangazo gazetini: vijana wawili wanajikodisha, wako tayari kufanya lolote na kwenda popote, ila malipo yawe mazuri.

Tangazo halijatoka hata, mwanaume mmoja aliyewasikia anamfuata Tuppence njiani. Kesho yake bironi kwake, yaani ofisini, anamwahidi pesa nyingi aende Paris ajifanye mtu mwingine. Anamuuliza jina. Tuppence hataki kutaja lake, anatupa jina ambalo Tommy alilisikia kwa wapita njia: Jane Finn. Weee! Mishipa inamsimama yule bwana usoni kwa hasira. Anadhani binti anajua siri yake, anamhesabia pauni 50 anyamaze. Tuppence anapokea pesa ya kunyamazia jambo asilolijua! Kesho yake anarudi, biro imefungwa. Hapo ndipo upelelezi unapoanza, na mnaona wenyewe, hawakutafuta uhalifu, walitafuta mshahara.

Katikati kitabu kinaniudhi. Christie anawatenganisha hawa wawili kwa kurasa nyingi mno, na utamu wote uko wakibishana pamoja. Tena bahati inawasaidia kupita kiasi. Na zile njama za kisiasa za miaka hiyo, pitisheni macho tu.

Ila kinachoniudhi zaidi ni ile tamthilia ya BBC ya 2015, mtu aliniandikia eti niiangalie badala ya kusoma. Hapana! Wameipeleka miaka ya 1950, Tommy ni baba wa makamo, tayari wamefunga ndoa. Sasa birika mbili zitatoka wapi? Umewatoa ujana na ukata, umebaki na nini?

Bei: toleo la mfukoni la Kifaransa, lililokwishatumika, nimelipata mjini kwa franka elfu tano. Jipya kutoka Ulaya ni ghali, msikimbilie. Anayesoma Kiingereza asilipe kitu, kiko bure kwenye Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, hakimiliki yake Marekani ilikwisha.

Halafu hawa wawili wanazeeka, Poirot hazeeki hivi. Wanarudi 1929, 1941, 1968, mpaka 1973 ni wazee wenye wajukuu, na hiyo ya 1973 ndiyo riwaya ya mwisho Christie kuiandika. Kwa hiyo video ijayo ni ile ya 1929, hadithi fupifupi, wana biro yao ya upelelezi na wanaiga wapelelezi maarufu wa vitabuni. 

Wewe uliyekwisha kusoma, tafadhali, huyu Brown, adui aliyejificha kitabu kizima, ni nani usimwandike kwenye maoni. Niandikie tu ulianza kumshuku nani.