Miche ya pasheni ya kubebeshwa kwenye vitalu vya Mwanza: kagua kabla ya kulipa

Vitaluni utaonyeshwa miche ya pasheni ya aina tatu: zambarau ya mbegu, njano ya mbegu, na zambarau iliyobebeshwa juu ya shina la njano. Ya kwanza iache. Zambarau ni ya ubaridi wa milimani, na mizizi yake haihimili mnyauko fuzari (ugonjwa wa kuvu wa udongoni) wala minyoo fundo (hufanya vinundu mizizini), ambayo hustawi sana kwenye udongo wa kichanga kama wa kwetu. Shina la njano huipa zambarau mizizi inayohimili maadui hao. Ila shina hilo halipunguzi joto la mwambao wa ziwa, kwa hiyo wa Buhongwa au Kisesa asitegemee mavuno ya Njombe.

Mche mzuri uliobebeshwa una kiungo (pale zambarau ilipounganishwa na njano) kilicho angalau sentimita 20 juu ya udongo. Hapa ndipo miche mingi inapofeli. Kiungo kikiwa chini, kikonyo, yaani sehemu ya juu ya zambarau, hugusa ardhi baada ya kupandwa, kikaota mizizi yake, na fuzari ikaingia kwa mlango huo. Umelipia kinga usiyonayo! Angalia pia kama mkanda wa plastiki bado umebana shina, na kama mzizi umejiviringisha chini ya kiriba. Majani yenye mabaka ya njano na mikunjo ni dalili ya virusi vinavyofanya tunda liwe gumu na ganda nene. Havina dawa, na vidukari, ambao hupenda kunde, huvieneza, hivyo usipande kunde kati ya mistari.

Jambo ambalo wauzaji hulisahau ni maotea. Chochote kinachochipua chini ya kiungo ni njano. Kisipotolewa kila wiki, kinaimeza zambarau yote.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande, na debe moja la samadi iliyooza. Mita 2 kati ya miche, 3 kati ya mistari, waya kwenye nguzo kimo cha mita 2 hivi. Acha shina moja lipande kwa kamba, likifika kwenye waya kata ncha, ulaze matawi mawili, moja kila upande. Matunda hubebwa na matawi machanga, kwa hiyo yaliyokwisha kuzaa punguza bila huruma.

Kwa kiwanja kidogo cha Nyegezi au Kirumba, njano ya mbegu ndiyo chaguo letu, tena ni imara zaidi. Ila mmoja peke yake utachanua na kudondosha maua: chavua yake haiutungishi. Nunua miwili au mitatu iliyotoka kwenye mimea mama tofauti, na usiwafukuze nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, maana ndio wachavushaji wake wakuu. Ua la njano hufunguka kama saa 6 mchana na kufunga usiku, kwa hiyo dawa ya wadudu ipigwe alfajiri. La zambarau hufunguka alfajiri na kufunga mchana. Lenyewe linyunyiziwe jioni.