Kamusi isiyo na jalada, na neno 'relinquish'

Kamusi hii niliinunua mwezi wa tatu kwa muuza vitabu vya mitumba anayetandaza turubai lake karibu na stendi hapa Tanga. Alianzia Sh 20,000, tukaelewana kwa 15,000. Haina jalada wala kurasa za mwanzo, inaanzia kwenye 'abdicate', kwa hiyo jina lake siwezi kukutajia. Ni ya Kiingereza kwa Kiingereza, ya wanafunzi, yenye sentensi za mfano chini ya kila neno. Hizo sentensi ndizo zilizonifanya niandike haya.

Nina steshenari jirani na mahakama ya mwanzo. Nachapa, natoa kopi, na mteja akinibana natafsiri barua. Siku zote nilitegemea kamusi ya kwenye simu, ya kulipia. Kwa majina ya vitu haijaniangusha hata mara moja. Kwenye vitenzi ndiko iliponiaibisha.

Alikuja mama mmoja na barua ya kaka yake aliyeko Canada. Baba yao amefariki, kikao cha ukoo kilimpendekeza huyo kaka asimamie mirathi, naye hawezi kuja. Wakili wake wa huko akaandika kwamba mteja wake ana-'relinquish' usimamizi 'in favour of' dada yake. Simu ikaniambia 'relinquish' ni acha, basi, haikuongeza neno. Nikachapa: "Ninaacha usimamizi wa mirathi kwa kumpendelea dada yangu."

Mama akaisoma mara mbili, akavua miwani. "Mwanangu, wadogo zangu wakiona hili neno kupendelea, patakuwa hapakaliki. Halafu mbona mirathi na kuacha vimekaa pamoja? Anayeacha mirathi si marehemu?"

Alisema kweli tupu. Tunaacha pombe, tunaacha shule, mtu anamwacha mkewe, tunaacha ujumbe kwa jirani, na maiti anaacha mirathi. Neno moja linabeba yote hayo, na kamusi ya simu ilinikabidhi mzigo wote bila kunionyesha nichukue kipi. Nikamwomba arudi kesho yake.

Usiku ule ndipo nilipoifungua hii ya turubai. Chini ya 'relinquish' ilinieleza kwanza kwamba ni neno la ofisini na kwenye maandishi rasmi. Pili, kinachoachwa ni kitu kilichokuwa mkononi mwako au unachokidai kwa haki: madaraka, udhibiti, dai, hata mshiko wa vidole. Tatu, mara nyingi mwenyewe haachii kwa moyo mweupe. Halafu mfano mmoja ulikuwa na 'to' na mtu wa kupokea. Hapo nikaona kwamba Kiswahili kinataka herufi moja tu zaidi: si kuacha, ni kuachia. "Namwachia dada yangu usimamizi wa mirathi." Kupendelea kukaondoka kwenyewe, maana namwachia tayari imeshataja anayepokea.

Barua ilikuwa na sentensi ya pili: kaka haku-'waive' fungu lake la urithi. Simu hapo nako ilisema acha. Fikiria karatasi inayofika mbele ya hakimu ikisema naacha usimamizi, siachi fungu, na ndugu wanne wamekaa nyuma kila mmoja na tafsiri yake. Kamusi ilinionyesha 'waive' ikitumika kwa ada na haki ambazo mtu anaamua kutozidai. Nikaandika, "Fungu langu la urithi sijalisamehe." Mama aliporudi aliisoma mara moja tu, akakunja, akatia kwenye mkoba.

Tangu hapo naisoma hata kama hakuna kazi. Mwanangu wa kidato cha tatu alikuwa ameandika kwamba babu yake 'relinquished' sigara. Nikampeleka kwenye ukurasa wenyewe akaona kwamba sigara, sukari na tabia ni 'give up'. 'Forgo' ni kujinyima kitu ambacho ungeweza kukipata, kama chakula cha mchana ili nauli itoshe. 'Renounce' ni kuukana, mfano uraia. 'Abdicate' imetolewa mfano wa Mfalme Edward VIII wa Uingereza, aliyeachia kiti cha ufalme mwaka 1936. Hapo mimi niliongeza kwa penseli pembeni: kung'atuka, neno la Kizanaki ambalo Mwalimu Nyerere alituzoesha alipoachia urais mwaka 1985. Linafaa pia kwa 'relinquish' pale mtu anapoachia cheo kwa hiari. Kwa shamba au dai, usilitumie.

Kasoro zipo. Maandishi ni madogo, jioni bila taa nzuri sioni. Ufunguo wa alama za matamshi umeng'oka pamoja na kurasa za mbele, kwa hiyo 'ri-LING-kwish' niliipata kwa kumsikiliza mwalimu mmoja mteja wangu. Na haina Kiswahili hata neno. Asiyejua Kiingereza cha kutosha kusoma maelezo haitamsaidia. Ya simu bado ninayo, kwa majina ya vitu.

Fundi amenijalidia kwa Sh 6,000. Muuzaji ana nakala nyingine kama hii, yenye jalada lake, ila imeloa kuanzia herufi T.