Ziara ya makaburi ya kijeshi Taveta: niliambiwa nikamtafute wangu sokoni

Naanza na lililonikera, kwa sababu mengine yote sasa nayaona kupitia hilo. Mwezi uliopita, au huenda ni ule wa kabla yake, nililipia ziara ya siku moja kutoka Voi, ya kukiona kilima cha Salaita, uwanja wa mapigano wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na kumalizia kwenye makaburi ya kijeshi pale Taveta. Kampuni iliyotupeleka sitaitaja. Tulikuwa saba garini: wageni sita kutoka ng'ambo, na mimi, mzee wa Kitaita niliyelipa sawa na wao bila kupunguziwa hata shilingi.

Pale Salaita kijana aliyetuongoza alinifurahisha, nakiri. Alieleza jinsi Wajerumani walivyoitwaa Taveta mwezi Agosti 1914, na jinsi askari kutoka Afrika Kusini, wasioijua nyika hii, walivyopelekwa na Waingereza kukishambulia kile kilima tarehe 12 Februari 1916. Mizinga ya Waingereza ilitwanga kileleni, kumbe mahandaki yenyewe yalikuwa chini, vichakani. Askari Waafrika waliokuwa upande wa Mjerumani waliwarudisha mbio, na lau si Wabaluchi wa jeshi la India kuwakingia, wangeteketea wengi zaidi. Yote hayo aliyasimulia kwa ufundi, fimbo mkononi.

Makaburini ndipo mambo yalipoharibika. Ni mahali padogo, safi, mawe yamepangwa safu kwa safu, na ukimya wake unakufanya uvue kofia bila kuambiwa. Nilimwuliza kijana yule kwa upole wapagazi walizikwa upande gani, kwa kuwa babu mzaa babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi na hakurudi. Hakunigeukia hata kidogo, maana alikuwa akiwapanga wageni wapigwe picha. Akasema, "Mzee, hapa hakuna wenu. Wako kamtafute sokoni Kariakoo." Akacheka, na wageni nao, wasiojua Kiswahili, wakacheka kwa kuwa yeye amecheka. Kisha akaniomba nisogee, kivuli changu kilikuwa kimeangukia jiwe.

Jina la Kariakoo limetokana na kikosi hicho hicho cha wapagazi, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na kijana anayelipwa kusimulia vita hivi hakosi kulijua. Watu zaidi ya 90,000 walikufa katika kazi ile, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kwetu nyumbani yalibaki maneno mawili tu, "alipelekwa Kariakoo", na matanga yaliyofanywa bila kaburi.

Hapo moyoni nilikuwa nimekwisha kuandika kwamba mtu yeyote asiende. Lakini wenzangu waliporudi garini mimi nilibaki, nikapita jiwe moja moja nikisoma majina, na mbele ya jiwe la askari lenye tarehe ile ile ya 12 Februari miguu ilinisimama. Kijana wa watu huyu aliletwa kutoka mbali kuja kufia kichakani kwetu, ila mama yake alijulishwa alipolala. Sikuweza kumchukia, wala kupachukia mahali penyewe.

Tena nikitulia naona kwamba kiongozi yule, kwa utovu wake wote wa adabu, hakunidanganya. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayotunza mahali hapo, ilikiri na kuomba radhi mwaka 2021 kwamba Waafrika wengi mno hawakuandikwa jina popote. Basi pengine hasira yangu imebisha mlango usio wake. Lakini hapana! Kama analijua hilo, kwa nini hakuwaambia wageni wale? Aliwaeleza habari za mizinga na za reli iliyosukumwa kutoka Voi, asitamke hata mara moja nani aliyebeba unga, risasi na majeruhi pale reli ilipokoma.

Kwa makaburi yenyewe natoa nyota nne, na kwa ziara natoa moja, ambayo ni ya Salaita. Nendeni, ila pandeni matatu ya Taveta mwende wenyewe, na mkifika msiwe na haraka. Mimi nimeandika kudai nusu ya pesa zangu, na mpaka leo sijajibiwa.