Walinitolea themostati bila kuniuliza: uzoefu wangu na gereji moja hapa Mbeya

Mimi si mtu wa kulalamikia mafundi. Fundi akikosea namwambia, anarekebisha, tunaagana vizuri, na kesho namletea mteja mwingine. Ila hili la kufunguliwa injini ya gari langu, kutolewa kifaa, kifaa kikatupwa, na nilipohoji nikaambiwa nimlete mzee wa nyumbani ndiye waongee naye, limenikaba kooni. Miezi imepita na bado nikipita pale nageuza uso.

Gari lenyewe ni RAV4, ile wanayoiita kill time. Sifa zake sitazieleza, nani asiyeijua. Niseme tu kwamba halijawahi kuniangusha. Biashara yangu ni viazi na parachichi, kwa hiyo wiki hii nipo Rungwe, wiki ijayo Isyonje, nyingine Matamba, na barabara za huku mnazijua: kiangazi vumbi mpaka kwenye meno, masika utelezi wa kukupeleka mtaroni hata kama hujagusa breki. Zile kona 57 za kutoka Chimala kupanda Matamba limezipanda na mimi, mizani, magunia, na siku nyingine vibarua wamebanana nyuma. Kwa hiyo asije mtu akasema nimekasirishwa na gari. Gari halina kosa lolote.

Ilikuwa mwezi wa nane hivi, au wa tisa mwanzoni. Napanda kona zilezile, mshale wa joto ukaanza kuacha katikati na kusogea juu. Nikapaki pembeni, nikazima, nikafungua boneti, nikaliacha lipoe bila kugusa kifuniko cha rejeta, maana nimemwona mtu aliyeungua uso kwa haraka hiyo. Lilipopoa nikakuta maji yamepungua sana. Nikaongeza, nikageuza, nikashuka Chimala, na kutoka hapo nikaja Mbeya mwendo wa maharusi, jicho moja barabarani, jingine kwenye mshale.

Nikalipeleka kwenye gereji hiyo. Jina silitaji. Niliiamini kwa sababu fundi wao mkuu aliwahi kunitengenezea chini ya gari, bushi zote za mbele na stabilaiza, na tangu siku ile ile "ko-ko-ko" iliyokuwa inanitia aibu nikipita kwenye matuta ikaisha kabisa. Kwa kazi ya chini ya gari, mikono ile sijaiona kwingine. Nikaacha funguo asubuhi, nikaenda zangu sokoni Mwanjelwa.

Jioni narudi, gari linanguruma, boneti limefungwa, naambiwa limepona. Nikauliza tatizo lilikuwa nini.

"Tumetoa kile kidude, sasa maji yanapita moja kwa moja. Halichemshi tena hili."

"Kidude gani?"

"Themostati. Hizi, dada'angu, ni za nchi za barafu huko Japani. Sisi huku kwetu joto, hazina kazi. Gari zote zinazokuja hapa tunatoa."

Huku kwetu joto! Mtu anasema hivyo amesimama Mbeya, amevaa jaketi zito na kofia ya sufu imeshuka mpaka masikioni, mikono ameikunja kwapani kwa baridi. Mji ambao usiku wa Juni na Julai unashuka chini ya nyuzi 10, na ukisogea juu kule Kitulo asubuhi unakuta majani yameganda barafu. Kama kuna mahali Tanzania hii ambapo injini inahitaji kusaidiwa ipate moto, ni hapa na Njombe na Makete.

Nikamwambia basi nipe kifaa changu niondoke nacho. Akaangalia wenzake. Kumbe kimeshatupwa kwenye pipa la chuma chakavu, na pipa lenyewe mwenye chuma chakavu amekwisha kulipitia. Nikauliza, kwa nini hamkunipigia simu? Namba yangu mnayo. Hapo ndipo akabadilika. "Mama, haya mambo ya ufundi ni marefu. Mlete mzee wa nyumbani tumweleze, yeye ataelewa." Na vijana wake wakacheka. Wawili walikuwa wamekaa juu ya tairi, mmoja akageukia ukutani ili nisimwone anavyocheka. Nilimwona.

Kadi ya gari ina jina langu. Hela za kulinunua zimetoka kwenye viazi vyangu, gunia kwa gunia. Na mzee wa nyumbani, kwa taarifa yao, hata kuendesha hajui. Nililipa, kwa sababu gari lilikuwa ndani ya uzio wao na geti wanalo wao. Nikaomba risiti, nikaambiwa mashine imeharibika.

Sasa niwaeleze kwa nini naona hili ni kubwa, maana najua wapo watakaosema ni kidude tu. Themostati ni mlango mdogo uliopo kati ya injini na rejeta. Ndani yake kuna nta. Injini ikiwa ya baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini peke yake mpaka yapate moto, na yakifika nyuzi 82 hivi kwa Toyota nyingi, nta inatanuka, inasukuma mlango, maji yanakwenda kupoozwa. Ukiutoa, injini inakuwa haina mlango. Asubuhi ya Mbeya maji yote yanapita kwenye rejeta inayopigwa na upepo wa baridi, na injini inakaa nusu saa haijafika kwenye joto lake. Kompyuta ya gari ikiona injini bado ya baridi inaendelea kuongeza petroli, ikidhani ndiyo kwanza umewasha. Na bei ya petroli EWURA anaitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, wote tunaisubiri roho mkononi. Mimi nilianza kuona tenki linaisha njiani mahali ambapo zamani lilikuwa linanifikisha na kunirudisha.

Halafu ugonjwa wenyewe haukupona! Hili ndilo linaloniumiza zaidi. Kwenye tambarare mshale ukawa haupandi hata robo, umelala chini kabisa, lakini nikibeba mzigo na kupanda mlima mrefu unainuka na kupita katikati kama zamani. Themostati za Toyota nyingi zina kizibo cha pili upande wa nyuma, kinachofunga njia ya mkato wakati injini ina moto ili maji yote yaende kwenye rejeta. Ukitoa kifaa kizima, ile njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka ndani bila kupoozwa, saa hiyohiyo ambayo injini inafanya kazi nzito. Vitabu vya Toyota vya mafundi vinakataza wazi kuitoa, hata kama injini ina tabia ya kuchemsha. Wazi kabisa. Sasa fundi wa miaka yote hiyo hajawahi kuambiwa?

Siku iliyonimaliza ni ya safari ya Makete. Tulikuwa na msiba, nikampakia mama mkwe na shangazi wawili, tukapita Isyonje kwenda Kikondo. Mtu aliyewahi kuipita njia ile wakati wa ukungu anajua: unaona mita chache tu mbele, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na pembeni ni bonde. Kina mama wanapumua, vioo vyote vikajaa mvuke kwa ndani. Nikawasha hita nielekeze hewa ya moto kwenye kioo cha mbele, inatoka hewa ya baridi tupu, maana hita inategemea maji ya moto ya injini na maji ya moto hayapo. Nikawa nafuta kioo kwa ncha ya kanga, nafuta hapa, panajaa pale. Kwenye kona moja likatokea lori la mbao, nikaona taa zake limeshafika. Tulipishana. Mama mkwe hakusema neno, alishika tu mkono wa mlango na midomo inacheza, najua alikuwa anasali. Mtu mzima wa umri ule, amejifunga blanketi mbili ndani ya gari lenye hita!

Niliporudi nikaenda tena gereji, na safari hii sikwenda kugombana. Nikamsalimia vizuri, nikamweleza gari linakula mafuta na hita imekufa. Jibu? Petroli ya siku hizi mbovu, na hita tuifungue dashibodi yote tuone, andaa laki na nusu. Dashibodi! Nikamwambia, fundi, si ni ile themostati mliyotoa? Akanitazama kama hakunisikia, akaita kijana alete spana aendelee na gari la mwingine.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja Tukuyu, ana banda dogo nyuma ya nyumba yake, wala bango hana. Nilifikia kwake kwa kuelekezwa na mwenye lori. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasema, "Kaa kwanza mwanangu, unywe chai, gari haliendi popote." Hakugusa spana. Alianza na kifuniko cha rejeta. Akakigeuza juu chini, akapitisha kidole gumba kwenye ule mpira wa ndani, kisha akanipa na mimi nipitishe. Mpira ulikuwa mgumu, umepasuka kwa pembeni, mpasuko mwembamba ambao jicho halioni haraka ila kidole kinakwama.

Basi. Kifuniko. Ugonjwa wote ulikuwa kwenye kifuniko. Akanifafanulia kwamba pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100, lakini Mbeya mjini tupo mita 1,700 hivi juu ya bahari, yanachemka kwenye 94 hivi, na ndiyo sababu maharage yetu yanakawia kuiva. Kinachofanya maji ya injini yastahimili kupita hapo ni presha inayobanwa na kifuniko. Mpira ukichoka, presha inatoroka, maji yanachemka kabla ya wakati na kupotea kidogokidogo. Na kadiri unavyopanda mlima ndivyo yanavyochemka mapema. Kwa hiyo sisi wa milimani, kifuniko cha rejeta kwetu si cha mchezo.

Themostati mpya nilikuwa nimeinunua Mbeya nikaja nayo. Hakuifunga hivihivi. Alimwomba mkewe sufuria, akaweka maji kwenye jiko la mkaa, akaifunga uzi na kuiteremsha ndani ikining'inia. Tukainama wote wawili. Muda mrefu hakuna kitu, viputo vidogo tu vinapanda. Kisha, maji hayajaanza kutokota, ikaanza kufunguka polepole, kama mdomo wa kifaranga, mpaka ukaweza kuona upande wa pili. Akaitoa, ikapoa, ikajifunga. "Hii ni nzima," akasema, "ukiuziwa mbovu utaijua hapahapa, kabla ya kumwaga kulanti ya watu, haya maji maalumu ya kupoozea injini." Akaifunga, akasafisha mfumo wote, maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya kutu kwa sababu kule Mbeya walijaza maji ya bomba, akaweka kulanti nyekundu inayotakiwa, akaacha injini inguruma huku akitoa hewa. Kabla hajalipwa alinikabidhi kifuniko cha zamani mkononi, "Hiki ni chako." Mwe! Kitu kidogo kama hicho, nilitaka kulia.

Gharama yake yote, pamoja na spea, haikufika nusu ya ile laki na nusu ya dashibodi. Mshale sasa unasimama chini kidogo ya katikati na hauondoki pale, niwe Uyole, niwe Matamba juu. Hita inaunguza miguu.

Nilikusudia kuandika kwamba msipeleke gari pale Mbeya kwa lolote lile. Lakini nikisema hivyo nitakuwa namdhulumu yule bwana, kwa sababu zile bushi zake mpaka leo ziko imara na njia ninazopita hazina huruma. Chini ya gari anajua, tena sana. Boneti ndilo asifungue. Pengine niseme hivyo: mpelekee gari kwa mambo ya bushi, shokapu, beringi, usimame hapohapo mpaka amalize, na umwambie mapema kwamba kila kinachotoka kwenye gari unakitaka mkononi.

Ingawa nikikumbuka yule kijana alivyogeukia ukutani kucheka, na mama mkwe na blanketi zake kule Kikondo, hata hilo la bushi naliona ni kumpa sifa za bure. Fundi hodari asiyeweza kumwambia mwenye gari ukweli ni hatari kuliko asiyejua kazi, maana asiyejua utamkimbia mapema.

Shokapu za nyuma zimeanza kuchoka, nasikia nikipita matuta ya Igawilo. Mzee wa Tukuyu ameniambia kazi hiyo mgongo wake hauruhusu tena kuingia chini ya gari. Mwenye fundi mzuri wa shokapu upande wa Uyole au Mbalizi, anayepokea simu na kuongea na mwenye gari awe mama au baba, naomba anielekeze kabla masika hayajaanza. La sivyo itabidi nirudi kulekule, na sitaki.