Kipima umeme kipi ununue kwa ajili ya nyumbani? Nafasi ya kwanza haina Wi-Fi

Shilingi 10,000 ya LUKU, umeme wa kulipia kabla wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, inakupa uniti 28 na kidogo kama uko tarifu T1, kundi la bei la matumizi ya kawaida. Uniti moja, yaani kWh moja, ni shilingi 292. Juu yake inapanda VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, jumla shilingi 356. Mwenzako aliye D1, kundi la watumiaji wadogo wa nyumbani, analipa shilingi 122 kwa uniti, ila kwa zile 75 za kwanza za mwezi tu, kwa hiyo 75 zote zinamgharimu shilingi 9,150. Na ununuzi wa kwanza wa mwezi hukatwa kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Ndiyo maana majirani wawili wananunua umeme wa hela ileile, wanapata uniti tofauti, na mmoja anaapa kwamba ameibiwa.

Tarifu ikishaeleweka bado kuna swali gumu zaidi: uniti zinakwenda wapi? SMS ya tokeni inasema ulichonunua, mita inasema kilichobaki. Kama zimeliwa na friji, pasi au hita ya bafuni, hapo ni kubahatisha, na kwa kawaida lawama humwangukia dada wa kazi au mtoto anayelala na TV. Vifaa vya kumaliza ubishi huo vipo, kuanzia Kariakoo hadi maduka ya mtandaoni. Nimevipanga kwa kigezo kimoja: kipi kitakufanya ubadilishe kitu nyumbani mapema, kwa hela ndogo.

Kwanza, kipimo ambacho tayari unacho

Kabla hujatoa hata mia, nenda kwenye mita yako. Kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na karibu yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh. Maana yake kitaa kikipepesa mara 1,000, uniti moja imekwenda. Chukua simu, weka saa ya kuhesabia dakika moja, hesabu mipepeso, kisha zidisha kwa 60. Ukipata mipepeso 5, nyumba inatumia wati 300 wakati huo. Ukipata 35, ni wati 2,100, na bila shaka mtu amewasha jagi la umeme. Kama mita yako imeandikwa 1600 au 3200, gawanya mipepeso ya dakika kwa namba hiyo, halafu zidisha kwa 60,000.

Fanya hivyo usiku watu wakishalala, friji ikiwa imetulia. Namba ikiwa kubwa kuliko ulivyotarajia, kuna kitu kinakula umeme kimyakimya. Mita zenye kibodi ya ndani zina pia namba maalumu za kubonyeza zinazoonyesha jumla ya uniti zilizotumika tangu ifungwe, ila namba hizo hutofautiana kwa kila aina ya mita, hivyo muulize fundi aliyekufungia au ofisi ya TANESCO ya eneo lako. Andika jumla hiyo kila Jumapili kwenye jedwali la simu. Google Sheets ni ya bure na inatosha. Programu ya bajeti ya kulipia kila mwezi kwa kazi hii sioni sababu yake.

Nafasi ya 1: kipima wati cha kuchomeka

Ni kidude chenye kioo kidogo. Unakichomeka ukutani, halafu kifaa chako unakichomeka juu yake. Kinaonyesha volti, ampea, wati za papo hapo na uniti zilizojumlishwa tangu ulipokiwasha. Hakina intaneti, hakina akaunti, hakiombi namba ya simu. Kinahama kutoka friji kwenda pasi kwenda TV, na ukimaliza unamwazima shemeji.

Nakipa nafasi ya kwanza kwa sababu kwenye nyumba nyingi hela imejificha kwenye vitu vitatu au vinne, na ukishavijua basi. Friji huwezi kuipima kwa dakika tano, maana motor yake inawaka na kuzima. Iache kwenye kipimo saa 24 kamili, mlango ukifunguliwa kama siku zote. Ikila uniti moja kwa siku, hiyo ni 30 kwa mwezi. Kwa aliye D1, ambaye mgawo wake ni uniti mbili na nusu kwa siku, friji pekee imeshachukua asilimia 40. Ikila uniti mbili, angalia raba ya mlango kabla hujaita fundi wa gesi.

King'amuzi ndicho hushangaza wengi. Kikikaa kwenye wati 15 mchana na usiku, TV ikiwa imezimwa, mwezi unakwisha na uniti karibu 11, yaani zaidi ya shilingi 3,800 kwa T1. Chaja ya simu iliyoachwa ukutani, ambayo watu huipigia kelele sana, mara nyingi haifiki hata wati moja.

Jikoni mambo yanageuka. Jagi la wati 2,000 likichemsha kwa dakika tano linakula sehemu ya sita ya uniti, kama shilingi 60. Maharage kwenye jiko la koili la wati 1,500 kwa saa mbili bila kupunguza moto ni uniti 3, zaidi ya shilingi 1,000. Maharage yaleyale kwenye presha kuka ya umeme hayali hata uniti moja, kwa kuwa joto halitoki na sehemu kubwa ya muda inakaa imejizima yenyewe. Usiniamini mimi, kichomeke upime.

Dukani angalia haya. Plagi iwe ya miguu mitatu bapa, ile tunayotumia Tanzania, Kenya na Uganda. Vingi vinakuja na plagi ya Ulaya ya vijiti viwili vya mviringo, muuzaji anakupa adapta juu. Kataa, kwa sababu adapta ya bei poa ndiyo itakayoyeyuka kwanza. Kiandikwe ampea 13, na ujue kwamba kwa volti 230 hiyo ni wati 2,990 na si zaidi. Kiwe na betri ndogo ya kutunza kumbukumbu, maana umeme ukikatika usiku kisicho na betri kinarudi sifuri na saa zako 24 zinaanza upya. Mwombe muuzaji achomeke jagi palepale: kama chini ya jagi pameandikwa 1850–2200W na kioo kinasoma 900, mrudishie. Kisha acha jagi lichemke, uguse plagi. Uvuguvugu ni sawa, ila kama mkono unakataa kukaa, achana nacho.

Vipimo vingi vinakuruhusu kuingiza bei ya uniti, lakini havipokei namba inayozidi 99.99. Weka 3.56, halafu gharama utakayosoma izidishe kwa 100.

Udhaifu wake ni mmoja: hakipimi kisicho na plagi. Hita ya bafuni, pampu iliyoungwa moja kwa moja na AC nyingi hazipimiki nacho. Kwa hita huhitaji kifaa, kalamu inatosha. Iliyoandikwa wati 4,500 ikiwaka dakika kumi ni robo tatu ya uniti. Watu wanne kila siku ni uniti 3, na mwezi ni kama shilingi 32,000 za T1. Kwa aliye D1, hita hiyo peke yake inavuka mgawo mzima wa mwezi.

Nafasi ya 2: mita ndogo, na kwa nyumba ya kupanga ni ya kwanza

Wanaoishi vyumba vitatu na LUKU moja wanajua hali ilivyo. Mwenye friji analipa sawa na mwenye balbu mbili, mwenye balbu mbili ananuna, na mwisho wa mwezi kila mtu anasubiri mwingine atangulie kununua. Hapa kipima wati hakisaidii. Funga mita ndogo, ile nyembamba ya kubana kwenye reli kando ya sakiti breka, moja kwa kila chumba, baada ya mita ya TANESCO. Waya zilizo kabla ya mita hiyo usiguse wala fundi asiguse, hilo ni kosa la kisheria.

Chukulia mwezi huu LUKU imenunuliwa ya shilingi 40,000. Imekatwa 1,500 ya kodi ya jengo, zimebaki 38,500, zimeingia uniti 108. Mita ndogo zinasoma: chumba cha kwanza 31, cha pili 52, cha tatu 18, jumla 101. Uniti 7 zilizobaki ni taa ya korido na pampu ya maji, na hizo mnagawana sawa. Wa chumba cha pili analipa shilingi 18,500 na ushee za kwake pamoja na sehemu yake ya korido, na hana wa kumlaumu. Ile 1,500 ni ya mwenye nyumba. Mkumbusheni kwa adabu wakati wa kulipa kodi ya chumba.

Nunua yenye alama 5(60)A au 10(60)A, inayosoma kWh. Mimi napendelea ile ya namba za kuzunguka kuliko ya kioo: umeme ukiwa umekatika bado unaisoma, na mpangaji mzee haihitaji kufundishwa. Zipo pia mita ndogo za tokeni, maarufu sana Nairobi, ambapo kila mpangaji ananunua tokeni kutoka kampuni binafsi. Kabla hujasaini uliza kamisheni ni kiasi gani na nani anatoa tokeni saa sita usiku mtandao wao ukianguka.

Nafasi ya 3: soketi janja

Hii ni plagi ya Wi-Fi inayopima na kuzima kwa simu. Tahadhari ya kwanza: si zote zinapima. Kwa TP-Link, Tapo P110 inapima matumizi, P100 ambayo inafanana nayo kwa sura inawasha na kuzima tu. Wauzaji wengi hawajui tofauti, kwa hiyo soma boksi mwenyewe.

Uzuri wake ni grafu ya siku hadi siku na ratiba: king'amuzi na TV vinajizima saa sita usiku bila mtu kunyanyuka. Lakini inataka Wi-Fi ya 2.4 GHz inayokaa muda wote. Kama intaneti yako ni bando la simu na hotspoti, ukitoka nyumbani soketi inabaki yatima. Angalia pia umeme ukikatika na kurudi inafanyaje. Nyingine hubaki zimezima, na kama ilikuwa kwenye friji utakutana na samaki walioharibika. Kwa friji ama uhakikishe mpangilio huo au uiache.

Nafasi ya 4: kipimo cha kubana waya

Kishikio kinabana waya mkubwa kwenye mein swichi na simu inakuonyesha nyumba nzima kwa wakati mmoja. Shelly EM, kwa mfano, ina nafasi ya vishikio viwili, na unaweza kuisoma ndani ya nyumba bila kutuma taarifa zako kwa kampuni yoyote. Kwa mwenye sola ni kifaa kizuri sana, kwa kuwa kinaona umeme unaoingia na unaotoka. Kwa nyumba ya friji, TV na feni, gharama ya kifaa na fundi italipwa na akiba baada ya muda mrefu mno. Ukikinunua, kazi ya kufunga ni ya fundi umeme mwenye leseni, si ya kijana wa kuchomelea.

Usinunue kabisa: kiboksi cha "kuokoa umeme"

Utakiona kwenye matangazo ya Facebook: kichomeke tu, bili inashuka nusu. Ndani kuna kapasita na kitaa cha kijani. Kapasita hurekebisha kipengele cha umeme ambacho viwanda vikubwa hutozwa. Mita ya nyumbani inahesabu uniti za kWh, na hizo hazipungui hata moja. Ukiwa tayari umeshauziwa, kichomeke juu ya kipima wati peke yake. Utaona kinachotumia ili kuwasha kile kitaa.